Muulize Shangazi wa Maabara: "Kila mbalamwezi hali inarudi"

Mwezi huu barua zimekuja kwa mkupuo, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Wengine wanaandika "fangasi sugu", wengine "UTI sugu", mmoja kaandika "ugonjwa wa kike" akaishia hapo, nikamwelewa. Nimechagua tano. Majina sitoi, na mitaa nimeisogeza kidogo ili watu wasianze kunyoosheana vidole sokoni. Kwa wasomaji wageni: mimi si daktari. Nimekaa maabarani miaka 31, sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa Buswelu, Mwanza. Nitakueleza kinachoonekana kwenye kioo cha hadubini. Dawa utaandikiwa na mtu aliyekuona.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 34, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Tangu mwezi wa pili natokwa na uchafu ukeni. Ni mwepesi, kama kijivu, siku nyingine una unjano na povu. Unanuka. Mwanzoni nilidhani ni dagaa tu, maana kazi yetu unaijua, harufu inaingia mpaka kwenye nywele. Nikawa naoga mara tatu kwa siku, nasafisha na ndani kwa sabuni. Shoga yangu akanipa shabu, na ndimu nimetumia. Duka la dawa walisema fangasi, nikapewa flukonazo na vidonge vya kuweka ndani, mara tatu yote. Zahanati wakapima mkojo, wakasema UTI sugu, nikachomwa sindano tano na kupewa Flajili. Flajili nilikunywa siku tatu nikaacha, inaniachia ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu. Nikapata nafuu wiki mbili. Kinachonitisha ni hiki: mume wangu anavua dagaa visiwani, anarudi siku za mbalamwezi. Akishaondoka tu, siku chache baadaye hali inarudi. Mama mkwe anasema nimefungwa na mwezi. Nimeshatumia zaidi ya laki mbili. Hii ni fangasi gani isiyosikia dawa?
Mama wa Mwaloni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa miezi yote hiyo, na pole zaidi kwa ile ndimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mstari mmoja tu: kwamba kuna mtu alichukua majimaji yenyewe ya ukeni akayaweka chini ya hadubini. Sikuuona. Umepimwa mkojo, na mkojo unapita njia yake nyingine. Kwa hiyo fangasi ulikisiwa, na UTI nayo ilikisiwa. Unauliza ni fangasi gani isiyosikia dawa. Dawa ya fangasi haina ugomvi na kitu ambacho si fangasi. Ungekunywa flukonazo mpaka Krismasi, mgeni wako angekaa tu anakutazama.

Ukeni kuna mambo matatu yanayoongoza kwa kuleta majimaji yasiyo ya kawaida, na yanavaliana nguo. La kwanza ni vajinosisi ya bakteria, sisi maabara tunaiita BV. Hapo bakteria walinzi wanaotengeneza asidi wamepungua, na wengine wengi wamejaa mahali pao. La pili ni trikomonasi, kimelea mwenye mikia anayeogelea, anayeambukizwa kwa kujamiiana. La tatu ndiyo fangasi wenyewe, kandida. Vitabu vinasema BV ni kijivu na inanuka samaki, trikomonasi ni njano ya kijani yenye povu, fangasi ni nyeupe kama maziwa mgando na huwasha sana. Wanawake wangekuwa wanaumwa kama vitabu vinavyosema, mimi ningekosa kazi. Nimeona majimaji meupe mazito ambayo kwenye kioo hayana fangasi hata mmoja, na nimeona trikomonasi kwa mama asiye na dalili yoyote, aliyekuja kwa jambo jingine kabisa. Isitoshe, wawili hukaa nyumba moja: BV na trikomonasi hukutwa pamoja mara nyingi. Barua yako yenyewe ina kijivu, ina unjano, ina povu.

Sasa njoo maabarani, vuta kiti.

Kijiti chenye pamba kikifika mkononi mwangu, kwanza nagusisha majimaji kwenye karatasi ya kupima asidi. Uke wa mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa una pH kati ya 3.8 na 4.5, yaani uchachu mzuri tu, na uchachu huo ndio mlinzi. Karatasi ikibaki kwenye rangi hiyo, mawazo yangu yanaelekea kwa fangasi, kwa sababu fangasi hauna shida na uchachu. Ikipanda juu ya 4.5, namfikiria BV au trikomonasi. Damu ya hedhi inaipandisha, shahawa zinaipandisha, basi naye anayepima anatakiwa akuulize. Wengi hawaulizi.

Halafu nachukua vioo viwili. Kimoja nakitia tone la maji ya chumvi, kingine tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10. Hiki cha pili, kabla hata ya kukifunika, nakinusa. Ndiyo, tunanusa, kazi za watu. Kama ni BV harufu inaruka papo hapo, na hapa nina jambo la kukuambia wewe hasa. Kemikali inayotoa harufu hiyo inaitwa trimethilamini, na ndiyo ile ile inayotoa harufu kwa samaki aliyelala. Kwa hiyo pua yako haikukudanganya ulipofikiria dagaa. Ila haikutoka kwenye ndoo zako, na sabuni haitaiondoa, maana inatengenezwa upya kila saa na bakteria walioko ndani.

Kile cha maji ya chumvi ndicho kioo kibichi, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nakitazama haraka, kwanza kwa lenzi ndogo, halafu ile ya 40. Kama ni BV naona seli za ukuta wa uke zimefunikwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani. Ukitaka kuijua picha hiyo, kumbuka jamvi lililomwagiwa dagaa wa kuanika mpaka huoni lilipoanzia. Seli nzima ni jamvi tupu, kingo zake safi. Kama ni trikomonasi, huna haja ya kubahatisha: utaona kitu chenye umbo la pea, kikubwa kidogo kuliko seli nyeupe za damu, kinarukaruka kama furu aliyetupwa mchangani. Daktari Mfaransa, Alfred Donné, alimwona hivyo hivyo huko Paris mwaka 1836, na mpaka leo moyo unashtuka kidogo ukimwona. Fangasi nautafuta kwenye kioo cha pili, kwa sababu ile dawa huyeyusha seli na kuuacha fangasi peke yake: vijiti virefu vyenye vichipukizi, mfano wa mwanzi unaotoa matawi.

Kwa BV, mwaka 1983 mtafiti Amsel na wenzake waliweka masharti manne: majimaji mepesi yaliyotandaa sawasawa, pH juu ya 4.5, harufu baada ya lile tone, na zile seli za jamvi. Yakitimia matatu, jina limepatikana. Maabara iliyojitosheleza itapaka na kioo kingine rangi ya Gram na kuhesabu aina za bakteria kwa alama 0 hadi 10, utaratibu wa Nugent wa mwaka 1991. Ukipata 7 kwenda juu ni BV, 3 kushuka chini uko salama, katikati hapo ni vuguvugu.

Nikukiri jambo. Nilipokuwa kijana kazini, kituo sikitaji, alikuja mama mmoja asubuhi na mapema. Foleni ilikuwa ndefu, nikakiweka kijiti chake kwenye friji nikijiambia nitakiangalia baadaye. Nikakitoa saa sita mchana. Nikatazama kioo, kimya, hakuna kinachosogea, nikaandika "hakuna vimelea". Mama akapewa dawa ya fangasi. Akarudi baada ya mwezi, na safari ile nilikuwa peke yangu, nikatazama kioo kikiwa bado na joto lake. Walikuwa wanacheza ngoma. Trikomonasi akipoa anaacha kuogelea, na akiacha kuogelea anafanana na seli nyeupe yoyote ya kawaida. Hukumu yake ni dakika 10, ikizidi sana 20. Hata kwa mkono hodari, kioo kibichi huwakosa kati ya theluthi na nusu ya walio naye. Ndiyo maana jibu la "hakuna" lenye dalili zinazoendelea si mwisho wa safari. Kuna kumwotesha, yaani kumkuza maabarani mpaka aongezeke, kuna vipimo vya haraka vya kijiti, na kuna vipimo vya vinasaba ambavyo ni hodari zaidi. Mashine ya GeneXpert ambayo wengi mnaijua kwa kifua kikuu ina vifurushi vyake vya kupima trikomonasi, kisonono na klamidia. Si kila mahali vipo, lakini kuuliza si kosa.

Sasa mwezi wako. Wavuvi wa dagaa hufuata giza, maana karabai na taa za sola hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo mbalamwezi ikitoka, baba yuko nyumbani, na mko pamoja. Mwezi haukukufunga, mwanangu. Mwezi unamleta mume tu. Kama ni trikomonasi, unapata nafuu kidogo kwa zile Flajili za siku tatu, halafu mumeo anarudi na kimelea yule yule na kukuambukiza upya. Mwanaume mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Kama ni BV peke yake, bado tendo la ndoa linaweza kuiamsha, kwa sababu shahawa zinaondoa ule uchachu. Na tazama kitu kimoja kwenye barua yako mwenyewe: katika dawa zote ulizotumia, ni Flajili ndiyo inayowagusa BV na trikomonasi wote wawili. Nafuu yako ya wiki mbili ilikuja baada ya Flajili nusu. Hilo kwangu ni ushahidi mdogo, lakini ni ushahidi kuliko wa mama mkwe.

Usije ukasoma hapa ukamkabili mumeo kwa maneno makali. Trikomonasi anaweza kukaa mwilini miezi, kwa mwanamke hata miaka, bila kubisha hodi. Kioo kinaniambia yupo. Hakiniambii alikuja lini wala na nani.

Fanya hivi. Siku mbili kabla ya kwenda, usilale na mume, na usiingize kitu chochote ukeni: si kidonge, si ndimu, si shabu, si kidole chenye sabuni. Usinywe dawa ya kubahatisha asubuhi hiyo. Subiri hedhi iishe. Nenda asubuhi, kituo cha afya au hospitali yenye maabara, na useme kwa mdomo wako: "Naomba nipimwe majimaji ya ukeni, siyo mkojo tu." Muulize mpimaji kama kioo kitatazamwa hapo hapo. Ukiambiwa uache kijiti urudi kesho, basi angalau kipakwe kioo cha rangi ya Gram. Na uombe VVU na kaswende vipimwe siku hiyo hiyo. BV na trikomonasi vyote viwili humrahisishia mtu kuambukizwa VVU, na siyo la kuogopa, ni la kujua.

Ikitoka trikomonasi, mnatibiwa wawili, dozi nzima, na mnasubiri mpaka wote mmemaliza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 ya kimelea huyu mwaka 2020, kwa hiyo huko kwenye foleni hutakuwa peke yako. Ikitoka BV, kwa miaka mingi tulisema mume hahusiki. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walichapisha majaribio yaliyobadilisha kidogo maneno yetu. Pale mume alipotibiwa pamoja na mke, kwa vidonge na krimu ya kupaka, BV ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12. Pale mke alipotibiwa peke yake, ilirudi kwa asilimia 63. Mwulize daktari wako juu ya hilo. Kuhusu ladha ya chuma, ni Flajili yenyewe, si sumu. Kunywa baada ya kula uji, vumilia, usiachie njiani.

Wasomaji wengine wataniuliza mbona nawasema watumishi wa zahanati. Siwasemi. Hapa Mwanza tuna historia ya kutibu kwa kufuata dalili, na ni historia ya kujivunia. Kati ya 1991 na 1994, kwenye vijiji vya mkoa huu, watumishi wa vituo vya kawaida walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili, wakapewa dawa za kutosha, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takribani asilimia 40 kulinganisha na jamii ambazo zilikuwa bado hazijapata huduma hiyo. Matokeo yalitangazwa 1995 na dunia ikaja kujifunza kwetu. Kwa mwanaume anayetoka usaha, au kwa kidonda, njia hiyo inaokoa watu. Kwa majimaji ya ukeni ndipo inapochechemea, kwa sababu mengi hayatokani na kisonono wala klamidia, na hao wawili wenyewe hukaa kwenye mlango wa kizazi kimya kimya. Mtumishi asiye na hadubini hufanya anachoweza. Wewe unayeishi nusu saa kwa daladala kutoka hospitali za Sekou Toure na Bugando huna sababu ya kukisiwa miezi minane.

La mwisho ni neno. Sote tunasema "uchafu", hata mimi nilisema miaka yote. Neno hilo limewaponza wengi, maana ukiambiwa una uchafu, utaosha. Unaosha walinzi, wavamizi wanapata nafasi, unanuka zaidi, unaosha tena. Maji ya kawaida, nje tu. Ndani kunajiosha kwenyewe.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nasoma chuo Nyegezi. Kila nikipima mkojo naambiwa UTI, hii ni mara ya nne. Cheti cha mwisho kimeandikwa seli za usaha 8 hadi 10 na seli za ngozi nyingi. Nikikojoa nasikia moto, lakini ni huku nje, na nawashwa. Pia, naona aibu kuuliza, sijawahi kukutana na mwanaume. Naweza kweli kuwa na fangasi?
Binti wa Nyegezi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Aibu ya nini, hujaiba.

Mji huu ukienda na kichwa unarudi na taifodi, ukienda na tumbo unarudi na UTI. Cheti chako kinajieleza: seli za ngozi zikiwa nyingi kwenye mkojo, maana yake mkojo ulipita juu ya ngozi ukazoa vilivyokuwa ukeni, usaha ukiwemo. Usaha huo unaweza usiwe wa kibofu kabisa. Safari ijayo nawa mikono, tenganisha mashavu ya uke kwa vidole, acha mkojo wa kwanza uende, kinga wa katikati. Na omba uoteshwe. Kuotesha huchukua siku mbili au tatu, na huonyesha bakteria gani, wangapi na dawa gani inawaua. Hesabu tuliyoizoea ya kusema hii ni UTI kweli ni bakteria 100,000 kwa mililita moja ya mkojo.

Moto wa nje, pale mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka, pamoja na muwasho, unanisukuma kwa fangasi kuliko kibofu. Moto wa kibofu unasikika ndani, na unakupeleka msalani kila mara kwa matone. Na ndiyo, bikira anapata fangasi. Kandida hahesabiwi kwenye magonjwa ya zinaa. Wanawake wengi wanaishi naye bila kero, mpaka kitu kimpe nafasi. Kwako nashuku hizo antibaotiki za mara nne, maana zinaua walinzi. Kipimo chako hakihitaji kifaa cha kufungulia uke. Sema wazi kwamba hujawahi, utapewa kijiti chembamba ujigusishe mwenyewe pale mlangoni. Ikirudi rudi hata baada ya kutibiwa, pima na sukari.

SWALI: Mwangaluka shangazi. Nina miaka 41, natoka Misungwi, kazi yangu ni majaruba ya mpunga. Nimepimwa majimaji mara nne, vioo vyote safi. Lakini natokwa na maji yenye damu kidogo, hasa baada ya kulala na mume, na tumbo la chini linauma. Nimechoka kuambiwa sina kitu.
Mkulima

JIBU: Mwangaluka, mdogo wangu. Wewe barua yako imeninyima usingizi, na nataka uishughulikie wiki hii, siyo baada ya mavuno.

Vipimo vya majimaji vinajibu swali linaloulizwa tu. Damu baada ya tendo la ndoa, kwa umri wako, inataka mlango wa kizazi uonekane kwa macho. Nenda ukapimwe saratani ya mlango wa kizazi, hata kama unajisikia mzima. Kipimo cha kupaka siki ni cha dakika chache, na huko kwenye vituo vyetu hulengwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, kwa hiyo umo. Wakiona doa wanaweza kulitibu mapema.

Mwambie pia anayekupima kwamba unashinda majini. Kichocho wengi mnakijua kwa mtoto anayekojoa damu, lakini mayai ya kile kichocho cha mkojo hupotea njia yakakwama kwenye ukuta wa uke na mlango wa kizazi. Yanaleta majimaji, damu, maumivu, mpaka ugumba, na yanafanana na magonjwa ya zinaa kiasi kwamba ndoa zimevunjika bure. Aina hiyo imetawala zaidi huku ndani kwenye madimbwi na majaruba. Ufukweni mwa ziwa kinachotawala ni kile cha tumbo. Mtu aliyezoea akichungulia huona mabaka kama chembe za mchanga. Mkojo unaweza kuonyesha yai lenye mwiba mkiani, ila usipoonyesha haijakuondolea shaka. Mayai yaliyo kwenye ukuta hayalazimiki kutoka na mkojo. Mkojo wa kupimia kichocho utoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Dawa yake ni prazikwanteli, na si ghali. Niandikie ukishapimwa. Nimesema kweli, niandikie.

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina mimba ya miezi mitano, niko Nansio, Ukerewe. Natokwa na kitu kama maziwa mgando na nawashwa usiku silali. Dada wa dukani kanipa flukonazo nimeiweka kabatini, naogopa. Je, kijiti kikiingizwa hakitadhuru mtoto?
Mama Kijacho

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kuogopa, iache kabatini. Kwa mjamzito vidonge vya flukonazo vya kumeza tunaviepuka. Hutumika klotrimazo ya kuweka ukeni. Kijiti hakifiki kwa mtoto, kinaishia ukeni. Mimba yenyewe huleta fangasi, hujakosea lolote. Ila pimwa ili ijulikane kama ni fangasi peke yake, kwa sababu BV kwa mjamzito imehusishwa na kuzaa kabla ya wakati, nayo ina dawa yake nyingine. Mwambie muuguzi siku ya kliniki, usisubiri akuulize. Ukiona maji mengi yanamwagika kama umejikojolea, au damu, hiyo si ya maabara, ni ya hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mvuvi, Igombe. Mke wangu amekutwa na trikomonasi, sasa kaniletea vidonge anasema nami ninywe siku saba. Mimi siumwi popote. Kwanza kwa nini ninywe dawa ya ugonjwa wa mwenzangu? Pili, si inaonyesha alitoka nje?
Baba wa Igombe

JIBU: Marahaba, baba. La pili nimelijibu juu huko kwa mama wa Mwaloni, soma pale kwanza ndipo uinue sauti nyumbani. Kimelea anaweza kuwa alikuwepo kabla hamjaoana, na anaweza kuwa alitoka kwako.

La kwanza: mwanaume humbeba bila kusikia kitu, na hadubini humwona kwa shida sana kwenye mkojo wako, ndiyo maana mume hutibiwa bila kungojewa cheti. Usipokunywa, mkeo atapona wiki moja na wewe utamrudishia. Kunywa pamoja naye, mkakae mbali kitandani mpaka wote mmemaliza. Kama unaingia ziwani kabla ya siku ya saba, weka vidonge kwenye kopo lenye mfuniko visilowe, vile vya usiku umeze kabla hamjawasha taa.